Jiwe la kunolea: elimu ya bankambo inayotutoka mikononi

Tunapozungumza juu ya chuma katika historia ya Kongo, sifa zote zinamwendea mufua-chuma. Yeye alijua moto, yeye alikaa karibu na wafalme. Lakini tufikiri kidogo: kisu kinafuliwa mara moja, kinanolewa mara elfu. Yule aliyekaa na jiwe na maji akirudisha makali, nani anamtaja? Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba kunoa nako ni elimu, tena ya zamani kuliko chuma chenyewe, na tusipoangalia itatupotea.

1. Jiwe lilitangulia chuma

Wengi wetu tunadhani makali yalianza na chuma. Hapana. Katika mapango ya Kongo ya Chini, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mashoka ya mawe yaliyosuguliwa, pamoja na vyungu vya kundi wanaloliita Ngovo. Vitu hivyo vina miaka zaidi ya 2000. Kule Uele nako yamepatikana mashoka ya jiwe zito lenye chuma ndani, yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Kazi ya namna hiyo inataka mwamba unaokwaruza na uvumilivu wa siku nyingi. Mikono ya watu ilijua kusugua kabla haijajua kufua.

2. Chuma chenye heshima, chuma cha kutunzwa

Hapa kwetu Katanga, bonde la Upemba linatoa ushuhuda mkubwa. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea na utafiti katika bonde hilo. Walikuta vyungu, misalaba ya shaba na vyombo vya chuma. Katika kaburi moja la Kamilamba marehemu alilazwa pamoja na fuawe na shoka la fahari. Mila ya Waluba nayo inasimulia kwamba Mbidi Kiluwe, muwindaji aliyetoka mashariki, baba yake Kalala Ilunga, ndiye aliyeleta ufundi bora wa chuma pamoja na utawala wa kifalme.

Kule Kasai, Wakuba wanakumbuka kwamba mfalme wao Shyaam alikataza silaha ya kurusha iitwayo shongo, akaweka mahali pake kisu cha ikul, alama ya amani. Ikul nyingine ni za mti mtupu: kisu kisichohitaji jiwe, kwa sababu hakitafuti damu.

Juu ya nini heshima yote hiyo? Ni kwa sababu chuma kilikuwa kazi ngumu. Kuyeyusha kulitaka udongo wenye chuma, makaa mengi, na watu wa kuvukuta mivukuto saa nyingi, halafu kinachopatikana ni kidogo. Kwa hiyo hakuna aliyetupa chuma. Jembe lililolika lilirudi kwa mufundi, likawa kisu. Na aliyenoa vibaya alikuwa anakula mali ya nyumba.

3. Reli, gari na jiwe la mashini

Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mapanga na visu vya Ulaya vilijaa madukani, na matanuru ya kuyeyusha yakazimika moja baada ya lingine. Wafua-chuma hawakukata tamaa: walichukua springi za gari zilizovunjika, wakafua visu na mapanga. Chuma hicho ni kigumu, makali yake yanakaa, lakini jiwe laini la mtoni linahangaika nacho.

Jiwe lenyewe pia likabadilika. Mwaka 1891, Mmarekani Edward Acheson aligundua namna ya kutengeneza kwa umeme unga mgumu uitwao karborandamu. Ndio unaofanya mawe mengi ya dukani na magurudumu ya kunolea. Kazi ikawa ya haraka, na kwa haraka hiyo visu vingi vinakufa.

4. Mashauri ya wazoefu

Wale waliozoea jiwe, hata wale wanaonoa kwa kupenda tu, wanakubaliana juu ya mambo machache.

Kwanza ni mwinamo. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kiinamishe nusu, halafu nusu tena. Hapo uko karibu digrii 22, panapofaa kisu cha jikoni. Panga linapiga miti, basi liinuliwe zaidi kidogo. Ukisha kuchagua, usibadilishe: mkono unaoyumba unazungusha makali.

Pili, noa upande mmoja mpaka upande wa pili uguse ukingo mwembamba kama uzi, kutoka mwanzo hadi ncha. Ule uzi ni ishara kwamba umefika mwisho wa chuma. Pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, usikipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Kisha geuza, fanya vilevile, na malizia kwa kupokezana pande, mkono mwepesi, juu ya jiwe laini. Uzi uliobaki unatolewa kwenye ngozi, kisu kikivutwa kwa kurudi nyuma.

Tatu, tumia uso wote wa jiwe. Jiwe lenye shimo katikati haliwezi kutoa makali yaliyonyooka. Ngazi ya simenti tunayoizoea katika cité inakwaruza tu; duara lisilong'aa chini ya sahani ya udongo ni bora kuliko hiyo.

Nne, maji. Yanaondoa vumbi la chuma linaloziba jiwe. Na kwenye gurudumu la umeme, ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, ugumu umekwisha kutoka. Kisu hicho kitanolewa leo na kesho kitakuwa butu.

5. Neno la mwisho

Wengine watasema: kisu ni bei kidogo, kikiwa butu tununue kingine. Lakini kisu butu kinateleza na kumkata mama jikoni, na kila kinachotupwa kinatuzoeza kusahau. Wahenga walisema: kinolewacho hupata. Wazee wanaojua ni mto gani una jiwe zuri, na jiwe hilo linaitwaje kwa Kiluba, kwa Kisanga, kwa Kihemba au kwa Kitabwa, wanapungua kila mwaka. Tuwaulize, tuandike majina hayo na mahali pake, na tuwape vijana jiwe mkononi wakati mwalimu angali hai.