Mteremko wa Bububu

Unguja haina mto mkubwa. Rufiji na Pangani ni mito ya bara. Kwetu mvua ikinyesha upande wa mashariki, kwenye uwanda na maweni, maji huzama ndani ya jiwe la matumbawe, na mtu anaweza kwenda kwa miguu kutoka Paje hadi Makunduchi asivuke kijito. Upande wa magharibi mambo ni mengine. Huko kuna kichanga, kinongo na kinamo, na kuna mgongo wa ardhi unaopanda taratibu hadi takriban mita 120 pale Masingini. Msitu wa Masingini hunywa mvua za masika na vuli, kisha chini yake maji hutoka tena kwa chemchemi na vijito vinavyoelekea pwani.

Nimesomesha jiografia skuli kwa miaka mingi, na naishi Mwanakwerekwe, ambako baada ya sala ya alfajiri kikundi chetu cha mazoezi hutoka kukimbia. Kadiri nilivyozijua njia zetu kwa miguu ndivyo nilivyoona kwamba zile tunazozipenda hazikuchaguliwa na sisi. Zilichaguliwa zamani na watu waliokuwa wakitafuta maji, au wakiyapeleka mahali, au wakiyazuia. Hasa ile ya kaskazini: Amani, Saateni, Mtoni, Marahubi, Bububu.

Mtoni ndipo pa kuanzia. Kabla mji haujawa na bomba, kijito cha Mtoni kilikuwa kisima cha merikebu. Zilizotia nanga bandarini zilituma mashua kuchota maji pale kabla ya safari ndefu. Sayyid Said bin Sultan alijenga kasri lake hapo hapo, mwishoni mwa miaka ya 1820 na kuendelea, na ndani yake akazaliwa bintiye Salme mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, Salme anakieleza kijito kile kama sehemu ya nyumba. Mabaki ya kasri bado yapo. Ukipita mapema, kabla daladala hazijajaa barabarani, bahari inasikika vizuri kutoka hapo.

Mjini hali ilikuwa mbaya. Visima vilichimbwa katikati ya nyumba zilizosongamana, na kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuendelea 1870 kiliua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia njia ambazo ugonjwa ule ulipitia Afrika Mashariki, msafara kwa msafara na jahazi kwa jahazi. Mwaka huo wa 1870 ndio Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti. Watu humkumbuka kwa Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, nami sibishi, ni jumba kubwa. Lakini kazi yake kubwa zaidi haikuwa na saa wala nguzo. Aliyatoa maji ya Chemchem, karibu na Bububu, akayafikisha mjini kwa mfereji uliojengwa, watu wakapata maji safi bila kununua kwa mchukuzi. Nikipima mambo aliyoyafanya sultani yeyote wa Unguja kwa afya ya mtu wa kawaida, hili naliweka juu ya mengine yote.

Maji yale hayakusukumwa na mashine. Yalikwenda kwa uzito wake, na maji yanayokwenda hivyo hayakubali kupandishwa kilima. Yanataka mteremko mpole usiokatika, kilomita baada ya kilomita. Fundi aliyepima njia ya mfereji alilazimika kufuata miguu ya vilima, akakwepa kila tuta na kuvuka kila bonde kwa ujenzi. Marahubi, kwenye kasri ambalo Barghash aliwajengea masuria wake na likaungua mwaka 1899, bado yanaonekana mabirika na mabaki ya mfereji wa mawe ulioingiza maji. Simama pale utazame kaskazini, utaelewa kwa nini goti la mkimbiaji linaipenda njia ile: mteremko uliopimwa kwa ajili ya maji ni mteremko ambao mtu wa miaka hamsini na zaidi anaweza kuukimbia bila kuumia.

Garimoshi nalo lilitaka hivyo hivyo. Mwaka 1904 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ilianza kutandika reli kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe, ikapita Malindi na kwenda hadi Bububu, umbali wa takriban kilomita 11. Mwaka 1905 ikaanza kazi. Injini ya zamani ilikuwa dhaifu kwenye mwinuko, kwa hiyo wahandisi wakafuata ukanda ule ule wa pwani ambao maji yalikuwa yakiufuata. Wenye mashamba ya mikarafuu, watumishi, wauza matunda na wageni walipanda humo. Magari ya mota yalipozidi, reli ikakosa abiria, na katika miaka ya 1920 safari zao zikasitishwa. Vyuma viliondolewa. Barabara ya Bububu imebaki, na sisi tuko juu yake alfajiri.

Nisisahau waliokuwa wakiikanyaga njia hiyo kabla ya reli na hawakuichagua. Mashamba ya nyuma ya Bububu na Kizimbani yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Karafuu zilishuka mjini vichwani mwa watu na juu ya punda. Kila nikiwaambia vijana wa kikundi kwamba tunakimbia kwenye njia ya Barghash, huwaambia na hili pia, kwa sababu vijito vile viliwahudumia na wao, na hakuna jiwe lililowekwa kwa majina yao.

Mjini penyewe maji yaliyochora njia yalikuwa ya chumvi. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukapita nyuma ya mji na kuutenga na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja, ndiyo maana tunasema Darajani hadi leo ingawa hakuna daraja. Mkono huo ulijazwa kifusi kidogo kidogo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umekwisha. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo vikundi vingi vya mazoezi hupita vikielekea Mnazi Mmoja, imelala juu ya ule mkono wa bahari.

Njia ya mashamba ni nyingine, nayo ndiyo naipenda kuliko zote. Ukipita Mwera au ukaingia ndani kutoka Bububu kuelekea Bumbwisudi, unafika kwenye mabonde ya mpunga. Bumbwisudi, Mtwango na Cheju yana mifereji ya umwagiliaji, na kando ya mifereji kuna kingo za udongo zilizonyooka, pana kiasi cha watu wawili kupishana. Hakuna gari wala pikipiki. Kuna yangeyange weupe, harufu ya tope, na maji yanayopita kwa zamu, kwani mkulima hupata maji siku yake na saa yake, na mwenzake husubiri.

Ukingo una adabu zake. Mkimbiaji akifika penye watu wanaopandikiza hupunguza mwendo, akatoa salamu kwanza. Bibi mmoja wa Bumbwisudi alinifundisha lililobaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kimbieni, lakini huo wa mkono wa kulia msiukanyage, tumeuziba jana, haujakaza."

Kinamo kilichozibwa jana kikikanyagwa hupasuka, na ufa wa upana wa kidole unaweza kumaliza maji ya zamu nzima kabla ya adhuhuri. Sasa kila mgeni anayejiunga na kikundi huambiwa hilo kabla ya kuambiwa habari za viatu.

Nyumbani Mwanakwerekwe maji hayana mpangilio huo. Sisi tuko bondeni. Watu wa nje wanapajua kwa soko na makaburi, lakini mkaazi anapajua kwa bwawa. Zamani maji ya masika yalikuwa na mahali pa kulala, kwenye mabwawa na vibonde baina ya mashamba, yakazama polepole. Mji ulivyotanuka kutoka Ng'ambo kuja huku, vibonde vikajazwa na nyumba zikasimama juu yake. Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha, maji hurudi kwenye vitanda vyake vya zamani, na barabara ya Fuoni imewahi kukatika. Mitaro mikubwa ya kuyapeleka maji baharini imejengwa katika sehemu za mji miaka hii, na Kibondemzungu pana daraja. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Nina ombi moja tu kwa wapimaji: mtaro unapochimbwa, iachwe kando yake njia ya miguu, hata ya mita mbili. Mteremko wa mtaro ni mpole kama ule wa Chemchem, na watoto wa skuli nao wangepata pa kupita mbali na magari.

Kila Januari 1, Siku ya Mazoezi, vikundi kutoka pande zote hukimbia hadi Uwanja wa Amani, na siku hiyo barabara ni yetu. Siku nyingine tunagawana na daladala. Masika yakiingia tunaiacha njia ya bwawa kabisa, tunapanda Welezo kwenye matangi ya maji, tunateremkia Amani na Saateni, halafu tunashika njia ya Bububu. Mabonde tunayaacha mpaka wenyewe wakulima waseme kingo zimekaza.