Mbuga na Hesabu: Habari za Udongo wa Nyuma ya Saadani

Miono imo katika Wilaya ya Bagamoyo, kwenye njia itokayo Mandera kwenda Saadani. Nchi hiyo haina milima mikubwa ya kumzuia msafiri. Kizuizi chake cha tangu zamani ni udongo. Wakati wa kiangazi udongo mweusi wa mbuga zielekeazo pwani huwa mgumu na kupasuka nyufa. Masika yakianza huvimba, huteleza, na hunasa miguu. Mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi wa mitambo aliyetumwa na wamisionari wa Kiingereza, alikata njia toka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi, kwa tumaini kwamba magari ya ng'ombe yatashika mahali pa wapagazi. Tumaini hilo halikutimia: mbung'o waliua ng'ombe, na tope lilinasa magurudumu. Mizigo ikarudi vichwani mwa watu.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani, alieleza mwaka 1935 kwamba aina za udongo wa Afrika Mashariki hufuatana toka juu ya mwinuko hadi bondeni kama pete za mnyororo. Akaupa mpango huo jina la Kilatini, catena. Juu mara nyingi huwapo udongo mwekundu, na chini kabisa ule mweusi, ambao wataalamu wa Tanganyika waliuita mbuga. Yafaa kuangalia jinsi maana ilivyogeuka: kwa Waswahili mbuga ni uwanda wa majani; katika vitabu vya sayansi likawa jina la udongo wenyewe.

Tabia ya udongo huo hutokana na chembe zake, ambazo ni kama karatasi nyembamba mno zilizopangwa. Maji huingia katikati yake na kuzitanua, nayo yakikauka hujikunja. Kwa hiyo nyumba hupasuka kuta na barabara huinuka bila ya mzigo wowote kuongezwa.

Kupima tabia hiyo kwa hesabu ni jambo la juzi. Mwaka 1958 Roscoe, Schofield na Wroth wa Cambridge walitoa kanuni za jinsi udongo ulemewavyo hata ukalegea, na mwaka 1967 Clough na Woodward walionyesha kwamba kompyuta yaweza kuligawa tuta la udongo katika vipande vidogo na kukisia mwendo wa kila kimoja. Lakini kanuni za Cambridge zilitokana na udongo uliokandwa upya maabarani, na udongo wa nchi za joto haukubali kukandwa bila ya kubadilika.

Ushahidi ulikwisha patikana Kenya, katika bwawa la Sasumua lililojengwa kwa ajili ya maji ya Nairobi. Udongo wake mwekundu ulipopimwa kwa desturi za Ulaya ulionekana haufai; Karl Terzaghi alieleza mwaka 1958 kwamba chembe zake zimeshikana mafungu mafungu, na kwamba katika tuta ulikuwa imara. Tena, kuukausha kabla ya kuupima kulibadili majibu.

Basi kompyuta ya leo, ikipewa tarakimu za udongo uliokaushwa na kupondwa, itahesabu sawasawa habari za udongo mwingine. Mtu wa Miono asemaye mbuga amekwisha taja mahali, rangi na tabia yake masika na kiangazi. Na mambo hayo matatu ndiyo mhandisi apaswayo kuyaandika kabla ya tarakimu ya kwanza.