Kuwataja Wabunifu: Mifereji, Wahunzi na Mafundi wa Mlima Meru

Tangu mwaka 1986, ilipotungwa sheria iliyoanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hasa tangu 2019, yalipoanza Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yajulikanayo kwa kifupi kama MAKISATU, taifa letu limejiwekea desturi ya kuwatafuta wabunifu wake na kuwatuza hadharani. Ni desturi njema. Lakini kabla ya mtu kutuzwa hapana budi apendekezwe, na kabla ya kupendekezwa hapana budi ajulikane. Tuzo hutaka jina. Historia ya ufundi katika nchi yetu, kwa upande wake, ina kazi nyingi zisizo na majina, na pengine hakuna mahali ambapo jambo hili laonekana wazi zaidi kuliko katika miteremko ya Mlima Meru na nchi inayouzunguka mji wa Arusha.

Tuanze na maji. Wameru na Warusha, waliofanya makao katika miteremko ya mlima huu kwa nyakati mbalimbali, walilima migomba, mahindi na maharage kwa kuyaongoza maji ya vijito kwa mifereji. Mtu asiyewahi kuchimba mfereji aweza kudhani kwamba kazi hii ni ya nguvu tu. Sivyo. Mfereji ukiinamishwa mno, maji hukimbia na kuula udongo. Ukilazwa mno, maji husimama na tope hujaa. Mchimbaji alipaswa kuufuata mkunjo wa mlima kwa inamo dogo lisiloonekana kwa jicho, akavuka makorongo, akazunguka miamba, na mwisho maji yakafika shambani yakiwa na kasi ifaayo. Yote hayo yalifanywa bila darubini ya mpimaji wala karatasi. Aliyekosea alisahihishwa na maji yenyewe.

Tena mfereji haukuwa udongo peke yake. Ulihitaji zamu za kumwagilia, siku za kuusafisha pamoja, na wazee wa kuamua ugomvi kati ya mtu wa juu na mtu wa chini. Mimi nahesabu taratibu hizo kuwa sehemu ya uvumbuzi, maana mfereji usio na zamu hukauka hata kama umechimbwa vizuri. Kaskazini-magharibi ya hapo, Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wakulima wa kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga mifereji na vipando vya mawe vilivyoenea katika eneo la hekta zipatazo 2,000. Wataalamu wa mambo ya kale wamepima kuta zao na kuzichora. Jina la hata mchimbaji mmoja halikusalia.

Kwa wahunzi sababu ya kutotajwa ilikuwa nyingine, nayo ni chungu zaidi. Miongoni mwa Wamaasai, ambao Warusha walishirikiana nao lugha na mila nyingi, wafua chuma walikuwa watu wa kundi la pekee, Ilkunono. Mikuki na sime za morani zilitoka mikononi mwao. Hata hivyo walidharauliwa, na watu wengine hawakukubali kuoana nao. Jamii ilikihitaji kitu na kumbeza mwenye kukitengeneza. Msomaji asidhani kwamba dharau ya namna hiyo ilikwisha na zama za mikuki. Mzazi wa leo anayemwambia mtoto kwamba asiposoma ataishia gereji, anayarudia mambo yale yale kwa maneno mengine.

Ukoloni ulileta jambo jipya, yaani uhaba wa ardhi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa mashamba makubwa kuuzunguka mlima kwa walowezi. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulalamika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kisa hicho hufundishwa katika historia ya siasa, na ni haki yake. Hapa nakitaja kwa sababu nyingine. Watu waliobanwa mlimani walilazimika kubadili ufugaji. Malisho yalipokwisha, ng'ombe alifungwa bandani, majani yakakatwa na kuletwa kwake, na samadi ikakusanyika mahali pamoja. Lundo hilo la samadi ndilo lililofungua mlango wa ufundi mwingine.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali iliunda vyombo vya kuendeleza ufundi wa wananchi: Baraza la Utafiti wa Sayansi, UTAFITI, mwaka 1968, na Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973. Arusha kwenyewe kulikuwa na kituo cha kupimia zana za kilimo, TAMTU, kilichokuwa kikijaribu majembe ya kukokotwa na mikokoteni, na kando yake mradi wa teknolojia ifaayo vijijini. Mwaka 1981 Bunge liliviunganisha viwili hivyo kuwa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, ambacho makao yake yako Arusha.

Kazi ya kituo hicho inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni mtambo wa gesi ya samadi. Mitambo ya mwanzo nchini, iliyoenezwa na SIDO tangu miaka ya 1970, ilikuwa ya mtindo wa Kihindi: shimo lililofunikwa kwa pipa kubwa la chuma ambalo hupanda gesi inapojaa na kushuka inapotumika. Chuma ni ghali, na hushika kutu. Katika miaka ya 1980 mafundi wa CAMARTEC, wakishirikiana na wataalamu wa Kijerumani, waligeukia kuba la matofali na saruji linalojengwa chini ya ardhi, mtindo ambao asili yake ni China. Lakini kuba nalo lilikuwa na ugonjwa wake, nao ni ufa. Ukuta wa chini ukikaa vibaya hupasuka, ufa ukapanda juu, na gesi ikatoroka. Dawa waliyoipata yaweza kumchekesha mtu asiyejua ujenzi: waliweka kwa makusudi ukanda dhaifu kulizunguka kuba, kati ya sehemu ya chini inayozuia maji na sehemu ya juu inayozuia gesi. Ufa ukija kutoka chini huishia pale kwenye udhaifu, na juu hubaki salama. Mtindo huo ulichukua jina la CAMARTEC ukavuka mipaka ya Tanzania.

Je, hapo ungempendekeza nani? Mhandisi aliyechora? Fundi mwashi aliyegundua kwa mwiko wake mchanganyiko upi wa saruji unashika na upi unavuja? Au mama mwenye ng'ombe wawili aliyekubali shimo lichimbwe uani kwake wakati majirani wakinong'ona kwamba atapika kwa mavi? Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na jina lililobaki ni la kituo.

Mfano wa pili unahusu maji tena. Mlima Meru ni volkano, na maji mengi yanayotoka katika miamba yake yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu zaidi ya hapo, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo. Floraidi hugeuza meno ya watoto kuwa ya hudhurungi, na ikizidi sana hupinda mifupa. Kuyachemsha maji hakusaidii. Katika kituo cha Ngurdoto, wataalamu wa wizara inayohusika na maji walitafiti kwa muda mrefu namna ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Baadaye Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko nje kidogo ya mji wa Arusha, aliunganisha chujio la mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akapata pauni 25,000.

Tuzo hiyo aliistahili. Ila tuangalie jinsi alivyoonekana: alikuwa na shahada, maabara, na lugha ya kuandikia maombi. Asiye navyo huhitaji mtu wa kumwona. Taifa hili lina mfano wake maarufu, ingawa si wa Arusha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyaingiza katika jokofu yangali moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Osborne hakucheka, alirudi akajaribu, na mwaka 1969 makala ilitolewa kwa majina ya wote wawili. Wanafizikia wangali wakibishana juu ya jambo lenyewe, lakini jina la Mpemba halifutiki tena. Walimu wa Mpemba waliomcheka hawakuwa wajinga. Hawakuzoea kudhani kwamba mtoto aliye mbele yao aweza kuwa na jambo geni.

MAKISATU yamefanya vema kuweka kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi kando ya shule na vyuo. Arusha ina watu wa kundi hilo. Bernard Kiwia, aliyekuwa fundi baiskeli, alitengeneza kifaa cha kuchajia simu kwa nguvu za pedali, kisha akashiriki kuanzisha karakana ya Twende, ambamo wengine hujifunza kujitengenezea zana. Wapo wengi wasiofika huko, na kwao fomu ni mlima. Mwalimu anayetaka kumpendekeza fundi wa jirani na shule yake amkute kazini, aandike kitu hicho kinafanyaje kazi, kilishindwa mara ngapi kabla ya kufaulu, na nani alishika upande wa pili wa nyundo. Majina yote yaingie, hata yakiwa saba. Na kabla ya kukipeleka kitu uwanjani amwulize mwenyewe kama anataka kukilinda kwa sheria ya hataza ya 1987, kwa sababu sheria hiyo hutaka kitu kiwe kipya, na kilichokwisha kuonyeshwa kwa watu chaweza kupoteza upya huo.