Mkono, Mwili na Takhmisi: Historia ya Uigaji wa Mabango ya Saul Bass

Utangulizi

Miongoni mwa matini zinazoizunguka filamu, bango ndilo linalosomwa kwa haraka zaidi. Mpita njia hulisoma kabla hajalipa kiingilio, na mara nyingi hulikumbuka hata baada ya kuisahau filamu yenyewe. Licha ya hayo, wahakiki wa fasihi wamezoea kuliachia uwanja wa biashara, kana kwamba halina fani wala maudhui. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mtindo wa bango una historia, na kwamba historia hiyo imejificha ndani ya umbo lake. Aidha, inanuia kuonyesha kwamba anayeuiga mtindo huo leo kwa programu ya kuhariri picha hukabiliwa na swali ambalo washairi wa Kiswahili walikwisha kulitafutia jibu zamani: je, msanii atajengaje juu ya kazi ya mwenzake bila ya kumfuta? Mfano utakaochunguzwa ni mabango ya Saul Bass (1920–1996), msanii wa Marekani ambaye mtindo wake umeigwa mno.

Mkono wa 1955

Kabla ya Bass, bango la kawaida la Hollywood lilitegemea sura. Mwigizaji mashuhuri alichorwa au kupigwa picha akiwa amependeza, na jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa. Bango la The Man with the Golden Arm (1955), filamu ya Otto Preminger iliyotokana na riwaya ya Nelson Algren ya 1949, lilikwenda kinyume na ada hiyo. Frank Sinatra na waigizaji wenzake wamo, lakini picha zao zimefungiwa katika visanduku vidogo. Kinachotawala ni mkono mweusi uliopinda, wenye kingo za meno, ukiteremka kama kitu kilichovunjika.

Mkono huo ni sitiari yenye tabaka mbili. Katika hadithi, mhusika mkuu ni mgawa karata hodari, na mkono wake wa dhahabu ndio umahiri wake. Lakini mkono huohuo ndio unaopokea sindano ya dawa za kulevya. Itakumbukwa kwamba kanuni ya maadili ya filamu iliyofuatwa Hollywood ilikataza mada ya uraibu wa dawa hizo, na filamu hii ilitolewa bila kibali cha wasimamizi wa kanuni hiyo, ambayo ililegezwa mwaka uliofuata. Katika mazingira hayo, umbo lisilotaja jambo waziwazi lilikuwa na nguvu kuliko picha halisi. Mkono ulisema yale ambayo sindano isingeruhusiwa kuyasema. Kwa hiyo ukwaru wa mkato wake haukuwa pambo. Ulikuwa sehemu ya maana.

Mwili wa 1959

Hali ni hiyo hiyo katika bango la Anatomy of a Murder (1959), filamu nyingine ya Preminger. Hapa Bass aliweka umbo jeusi la mwili wa mtu, limekatwa vipande vipande na kutandazwa juu ya rangi kali. Msomaji wa haraka ataona maiti tu. Hata hivyo, filamu yenyewe ni ya mahakamani. Mwanajeshi amemuua mwenye baa anayedaiwa kumbaka mkewe, na mawakili wanaumba visa viwili kutokana na ushahidi mmoja. Vipande vya mwili vimekaribiana kiasi cha kutambulikana, lakini havigusani. Ndivyo ulivyo ukweli wa kesi hiyo: kila kipande kipo, ila hakuna anayeweza kuviunganisha pasina shaka. Mianya iliyo baina ya vipande ndiyo mada ya filamu.

Kutoka Mkasi hadi Tabaka

Mwezi wa Februari 1990 kampuni ya Adobe ilitoa toleo la kwanza la Photoshop, programu iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Toleo la 3.0, la mwaka 1994, lilileta utaratibu wa tabaka. Kila sehemu ya picha iliweza kukaa peke yake, mithili ya karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, ikasogezwa au kuondolewa bila ya kuharibu zilizo chini yake. Tangu hapo kuuiga mtindo wa zamani kumekuwa kazi ya saa chache.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Mwigaji huchukua picha ya kawaida na kuiondolea vivuli vya kati mpaka weusi na weupe tu ubaki. Hulizungushia umbo mstari wa pembepembe, hupunguza rangi zikawa mbili au tatu, kisha huzipanga herufi zisisimame sawasawa. Mwishowe huweka juu yake tabaka ya karatasi kuukuu, na pengine huisogeza tabaka ya rangi kidogo isikutane barabara na wino mweusi, kama ilivyotokea zamani mitamboni ambapo kila rangi ilichapwa kwa zamu yake. Yaani kasoro ambayo mpiga chapa wa 1959 angeionea haya, mwigaji wa leo huitengeneza kwa makusudi.

Ni rahisi kuhitimisha kutokana na haya kwamba mkono ni halisi na tarakilishi ni ya uongo. Hitimisho hilo halisimami. Bass naye alichagua. Wachoraji wa mabango wa wakati wake waliweza kuchora uso laini wenye kila kivuli, na teknolojia ya uchapaji iliwaruhusu. Ukwaru wake ulikuwa uamuzi, si ufukara wa vifaa. Kwa hivyo tofauti ya msingi haimo baina ya mkasi na programu. Imo katika swali ambalo kila mmoja hujiuliza kabla ya kukata. Bass aliuliza: hadithi hii ina umbo gani? Mwigaji dhaifu huuliza: umbo la Bass linafananaje?

Kisa cha Clockers

Mwaka 1995 ilitolewa filamu ya Spike Lee iitwayo Clockers, iliyotokana na riwaya ya Richard Price ya 1992. Bango lake, lililobuniwa na Art Sims, lilifanana sana na lile la Anatomy of a Murder. Sims alieleza kwamba alikusudia kumuenzi Bass. Bass, ambaye alikuwa hai bado, aliuona kuwa ni wizi.

Mhakiki hapaswi kuharakia hukumu. Filamu ya Lee inahusu vijana weusi wa Brooklyn wanaoangamia katika biashara ya mihadarati, na inafunguka kwa picha zinazoigiza maiti za vijana waliouawa kwa risasi. Katika muktadha huo, mwili uliotandazwa hauwi tena fumbo la mawakili. Unakuwa ule mchoro ambao polisi huuacha barabarani. Hapana shaka kwamba maana mpya imezaliwa, na pengine ni nzito kuliko ya kwanza. Lakini mtazamaji asiyemjua Bass hakuwa na njia ya kutambua kwamba anatazama mazungumzo baina ya kazi mbili. Jibu lilimfikia, ila swali lililojibiwa lilifichwa.

Funzo la Takhmisi

Hapa ndipo jadi ya ushairi wa Kiswahili inapofaa. Katika takhmisi, mshairi huchukua maneno ya mshairi aliyemtangulia, akayaongezea mishororo mitatu yake ili ubeti uwe wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ni mfano mashuhuri. Mrithi hulazimika kufuata vina na mizani ya mtangulizi. Hata hivyo, hamezi kauli yake: maneno ya kale hubaki mahali pake, na jina la mwenyewe hubaki katika jina la utungo. Msomaji huweza kupima, ubeti kwa ubeti, kilichorithiwa na kilichoongezwa.

Takhmisi basi inatoa vigezo viwili vya kuhakiki bango lililoigwa. Kigezo cha kwanza ni nyongeza: je, umbo la kale limepewa kazi mpya, au limevaliwa kama vazi la kuazima? Bango la Clockers linakifikia kigezo hiki, ilhali mabango mengi yanayotengenezwa kwa programu yanashindwa papo hapo. Kigezo cha pili ni uwazi: je, mtangulizi anaonekana? Hapa Clockers lilipungukiwa, na malalamiko ya Bass yana uzito.

Hitimisho

Tabaka za Photoshop, kwa namna ya ajabu, zinaelekea kuifaa kanuni ya takhmisi, kwa kuwa huhifadhi kila safu mbali na nyingine. Lakini kabla ya bango kuchapwa, tabaka hizo husagwa zikawa moja, na mtazamaji asione tena nani aliweka nini. Chombo hakimlazimishi msanii kumtaja aliyemtangulia, wala hakimzuii. Mshairi wa Pate hakuwa na chombo ila kalamu, naye aliliacha jina la Liyongo mahali ambapo kila msomaji angeliona.