Springi Kwanza, Breki Baadaye

Simama Mukumu asubuhi, kando ya barabara ya Kisumu–Kakamega, uhesabu pikapu. Hilux, D-Max, Land Cruiser, na mara moja moja Peugeot 504 ambayo imekataa kufa. Zimebeba matofali, mchanga, ndizi, ng'ombe aliyefungwa kwa pembe. Sasa inama uangalie nyuma, chini ya bodi. Nyingi zimeongezewa springi, vyuma viwili vitatu juu ya vile vilivyotoka kiwandani, ili gari lisikalie matairi.

Kisha muulize mwenye gari ni lini aliweka breki kubwa zaidi. Atakucheka. Breki hubadilishwa zikiisha. Kuzikuza? Hiyo ni pesa ya kutupa.

Watu hupenda kulaumu dereva hapa. Mimi naona ni tabia ya barabara nzima, na ina umri wa zaidi ya miaka mia.

Hii barabara ina mlima wake. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko mita 1,100 na kidogo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishuka mahali pamoja, ukipita Kiboswa na kuteremka ukingo wa Nyang'ori huku ziwa likikungoja chini. Nilisomea uinjinia kidogo kabla niachane na chuo, na hesabu hii ndiyo iliyobaki nami: pikapu ya tani 3, mzigo ndani, kila ikishuka mita 100 lazima itoe nguvu ya kutosha kuchemsha karibu lita 9 za maji. Sehemu inachukuliwa na injini na upepo. Inayobaki inaingia kwenye vipande vya chuma ambavyo unaweza kubeba kwa mikono miwili. Breki haifanyi muujiza wowote, bana. Inageuza mwendo kuwa joto, halafu inatafuta pa kulitupa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wamisionari wa Mill Hill walianzisha misheni ya Mukumu mwaka 1906, na kwa miaka mingi mzigo wa kupanda huku ulikuwa juu ya vichwa vya watu na migongo ya wanyama. Kilichobadilisha mambo ni dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliipata karibu na Kakamega, na Wazungu walioumizwa na mdororo wa uchumi wakamiminika na mahema, mashine na magari. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeahidi kwa sheria ya 1930 kwamba ardhi ya Waafrika haitaguswa bila kulipwa ardhi nyingine. Desemba 1932 ikabadilisha sheria hiyo, kwa sababu ya dhahabu. Hiyo ni hadithi ndefu ya peke yake, lakini ukipita hapa kumbuka kwamba magari yalianza kuwa mengi kwenye vilima hivi yakifuata kitu kilichokuwa chini ya mashamba ya watu.

Na magari yenyewe yalisimama vipi? Kwa shida. Ford, kampuni kubwa kiasi hicho, ilishikilia breki za fimbo na nyaya kwenye magari yake hadi 1939, ingawa breki za mafuta zilikuwa zimeshaingia sokoni Marekani tangu mwaka 1921. Injini ziliongezwa nguvu kwanza. Kusimama kulisubiri.

Turudi nyuma zaidi, maana hapa ndo penye utamu. Mwaka 1897 huko Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood alikuwa akitazama mikokoteni ya farasi ikishuka milima na vipande vya mbao vikibanwa kwenye magurudumu. Mbao ziliungua na kuteleza. Frood akaanza kutengeneza kitambaa kigumu cha kubana badala ya mbao, na biashara yake ikawa Ferodo, jina lililotokana na herufi za jina lake pamoja na "e" ya mke wake, Elizabeth. Mwingereza mwingine, Frederick Lanchester, alisajili breki ya diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba. Unajua kilichoziua? Vumbi. Barabara za wakati huo hazikuwa na lami, na vumbi lilisaga ile shaba kama sandpepa, tena kwa kelele za kutisha. Breki ya diski ikashindwa kwa sababu ambayo mtu yeyote wa Shinyalu angeielewa bila mchoro. Dunia ikachukua dramu, ambayo imefunikwa, na diski ikangoja hadi miaka ya 1950, Jaguar ilipozitumia kushinda Le Mans mwaka 1953.

Dramu ina kasoro moja mbaya mlimani. Ikipata joto inapanuka, inakimbia viatu vya breki vilivyo ndani yake, na pedali inazama. Diski ikipata joto inanenepa kuelekea pedi. Tena iko wazi, upepo unaipiga.

Kenya ilifundishwa gari na Peugeot, hasa kupitia Safari Rally. Peugeot 404 ilizaliwa mwaka 1960 na dramu kwenye magurudumu yote manne, ikashinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Baadaye ikaja 504, mshindi wa 1975 na 1978, na pikapu yake ikawa punda wa nchi: diski mbele, dramu nyuma, zaidi ya tani moja mgongoni. Hiyo namba ilikuwa ya kiwandani, lakini. Baada ya Kenyatta kuruhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalum mwaka 1973, pikapu zilipigwa bodi ya mabati na mabenchi ya mbao, watu wakapangwa kama viazi. Fundi wa bodi alirefusha. Fundi wa springi aliinua. Breki zilibaki zile za gari lililotarajia magunia.

Sheria za Michuki zilipoanza kubana mwaka 2004, mazungumzo ya mtaani yalikuwa mikanda na kidhibiti mwendo. Sawa, ziliokoa watu. Lakini kidhibiti mwendo hakijui uzito, na pikapu ya mizigo haikuwa matatu.

Kuna deni lingine la zile dramu. Kwa miaka mingi kitambaa cha breki kilitengenezwa kwa asbesto, kwa sababu haiungui na haileti kelele. Fundi alifungua dramu, akapuliza vumbi kwa mdomo au kwa mpira wa kompresa, akaendelea na kazi. Uingereza ilipiga asbesto marufuku mwaka 1999, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Ugonjwa wake huchukua miaka mingi kujitokeza. Ukiona fundi kijana leo akipuliza dramu ya gari kuukuu, mwambie atumie maji. Atakuona mjuaji. Mwambie tu.

Sasa gereji. Mwaka jana mjomba wangu, khotsa kama tunavyosema kwetu, alipeleka Hilux yake kwa fundi mmoja hapa Mukumu iongezewe springi tatu. Yeye hubeba mawe ya ujenzi hadi Kisumu. Fundi alilala chini ya gari dakika kumi, akatoka akijipangusa.

"Mzee, haya mawe unataka kubeba tu, ama na kusimamisha?"

Mjomba akacheka. Fundi hakucheka. Akanivuta mimi chini nikaone. Juu ya ekseli ya nyuma ya hizi Hilux kuna vali ndogo yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli. Gari likibeba mzigo, bodi inakaa chini, kijiti kinasukumwa, vali inafungulia breki za nyuma presha zaidi. Gari likiwa tupu, presha inapunguzwa ili matairi ya nyuma yasijifunge na gari kuzunguka. Wajapani walifikiria vizuri sana. Sasa weka springi tatu za ziada. Gari lina tani ya mawe lakini bodi haishuki. Kijiti hakisogei. Vali inaamini gari ni tupu, na inanyima breki za nyuma presha wakati ule ule unaozihitaji.

Maze, nililala pale chini nikiangalia kile kijiti na miaka yote ya mabenchi na mabati ikanipita kichwani. Si kwamba tumesahau breki tu. Springi zetu zinazidanganya.

Kazi ilichukua siku mbili. Mbele fundi aliweka diski nene zaidi, zile zenye mapengo ya hewa katikati, pamoja na kalipa kubwa za modeli nzito ya familia hiyo hiyo, baada ya kuhakikisha rimu zinazimeza. Diski zilikuwa za mitumba kutoka Japani, kwa hiyo alizipima unene akalinganisha na kipimo cha chini kilichochongwa ukingoni. Moja aliirudisha dukani kwa sababu ilikuwa imeskimiwa hadi ikabaki sahani. Zenye matundu matundu, za kupendeza kwa picha, alizikataa kabisa. Kwa mzigo mzito, nyufa huanzia kwenye hayo matundu. Pedi alichagua zenye chembe za chuma: hupiga kelele kidogo na hula diski haraka kuliko za seramiki, lakini huvumilia joto. Sanduku lenye jina kubwa halikumsisimua. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ipo tangu 2008, na pedi bandia zipo pia. Aliangalia kama kitambaa kimeshika bamba la chuma vizuri, bila ufa wa kuingiza ukucha.

Nyuma aliziacha dramu. Viatu vipya, marekebisho, basi. Mipira ya breki iliyopasuka akatoa. Mafuta ya zamani yakamwagwa yote, maana mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani: DOT 4 mpya huchemka nyuzi 230, ikishanywa maji inaweza kuchemka kwa 155. Yakichemka ndani ya mpira, unakanyaga mvuke.

Halafu tukazipasha. Sehemu tambarare, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10, bila kusimama kabisa, mara kumi, kisha kuendesha polepole zipoe. Harufu ilikuwa kama plastiki inayoungua. Mjomba alitaka kusimamisha gari aangalie. "Usisimame, mzee, pedi itaacha alama kwa diski," fundi akamwambia kutoka kiti cha nyuma.

Springi aliziweka wiki mbili baadaye. Moja, badala ya tatu. Siku hiyo hiyo akarudi chini ya gari na spana, akarekebisha kijiti.