SEHEMU YA 4: Chanjo ya kujithamini na daftari la binti yangu

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimepika, watoto wamekula, sasa nimekaa.

Baada ya sehemu ya tatu, ile ya viboko, wengi mmeniandikia: sasa dada nesi, kama fimbo huitaki, unazitaka hizi shule za siku hizi ambazo mtoto akikosa hesabu zote anabandikiwa stika ya nyota? Swali zuri. Na bahati mbaya limenikuta nyumbani kwangu.

Wiki iliyopita nilifungua daftari la hesabu la binti yangu, yuko darasa la tatu. Hesabu 10 za kutoa, kakosa 7. Hakuna alama ya kosa hata moja. Alipopata pana vema ya kijani, alipokosa pameachwa hivyo hivyo peupe, na chini kuna nyota na maneno "Unajitahidi sana!" Nikamuuliza, mwanangu umepata ngapi hapa? Akanijibu bila wasiwasi: "Zote mama, si unaona nyota?"

Nikampigia mwalimu wake, kwa adabu kabisa. Akaniambia ni utaratibu wa shule, peni nyekundu inawavunja watoto moyo.

Msinielewe vibaya, peni nyekundu naijua. Darasa la tano nilishika nafasi ya 41 kati ya 43. Siku ya kufunga shule tulisomwa mstarini, wa mwisho 10 tukaitwa mbele, shule nzima ikaambiwa itupigie makofi. Yale makofi nayasikia mpaka leo nikikosea kitu wodini. Kwa hiyo shule ilipotuambia wazazi kwamba hapa hatumuumizi mtoto moyo, nilikuwa wa kwanza kushangilia. Sasa nikajiuliza, hili wazo lilianzia wapi hasa? Nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimenichekesha na kunihuzunisha.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi, ila serikali kulibeba ni habari ya Marekani, jimbo la California. Kulikuwa na mbunge wa jimbo anaitwa John Vasconcellos. Alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki yenye masharti makali, akakua anajiona mwenye dhambi tu, hafai kitu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa darasa la nane aligombea urais wa darasa akashindwa kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa yake. Yaani alimpigia mpinzani wake! Mimi niliyewahi kusimamishwa mbele ya shule nzima nilimwelewa papo hapo.

Huyu mtu alipokuwa mkubwa akaamini kwamba chanzo cha matatizo mengi ya jamii ni watu kutojithamini. Mwaka 1986 alifanikiwa kupitisha sheria, gavana George Deukmejian akaisaini, kikaundwa kikosi kazi cha watu 25 cha kukuza kujithamini. Kilipewa dola 735,000 kwa miaka mitatu. Watu waliwacheka sana. Mchora katuni maarufu Garry Trudeau aliwafanyia mzaha kwenye katuni zake za Doonesbury, nchi nzima ikasoma. Lakini kicheko nacho kiliwapa umaarufu, na barua za watu wanaotaka kuungana nao zikamiminika.

Ripoti yao ilitoka mwaka 1990. Na hapa ndipo nesi ndani yangu aliposimama wima, maana walikuita kujithamini "chanjo ya jamii". Mtoto akijithamini, walisema, atakingwa dhidi ya uhalifu, dawa za kulevya, mimba za utotoni, na kufeli shule. Chanjo moja, magonjwa yote hayo.

Jamani. Mimi nachanja watoto. Chanjo haiingii kliniki mpaka imejaribiwa, ikajulikana inakinga nini na kwa kiasi gani. Hawa walitangaza chanjo huku majibu ya maabara yakisema jambo jingine. Maana kikosi hicho hicho kiliomba maprofesa wa Chuo Kikuu cha California wachunguze ushahidi. Kitabu chao kilitoka 1989, mwaka mmoja kabla ya ripoti, na mmoja wa wahariri wake, Neil Smelser wa Berkeley, aliandika waziwazi kwamba uhusiano kati ya kujithamini na matatizo hayo ulikuwa mdogo kiasi cha kukatisha tamaa. Habari hiyo haikusambaa. Iliyosambaa ni ile ya chanjo.

Shule zikalipokea wazo kwa mikono miwili. Zikaja nyimbo za "mimi ni wa pekee", zawadi kwa kila mshiriki hata asiyefika mwisho wa mbio, na miaka ya 2000 walimu wengine wakaacha peni nyekundu wakahamia zambarau. Sasa mnaona lile daftari la binti yangu limetoka mbali kiasi gani.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake watatu wakapitia tafiti nyingi zilizokuwa zimeshafanyika. Wakakuta kwamba wanaojithamini kweli wana furaha zaidi, hilo halina ubishi, tena wana ujasiri wa kuanza mambo. Ila kumpandisha mtoto kujithamini hakumfanyi afaulu. Mara nyingi ni kinyume chake: anafaulu, ndipo anajithamini. Baumeister mwenyewe hapo mwanzo alikuwa anaamini ile habari ya chanjo, na namheshimu kwa kukubali kwamba matokeo yamekataa.

Ila utafiti ulionikosesha usingizi ni wa 1998, wa Claudia Mueller na Carol Dweck. Walichukua watoto wa darasa la tano, wakawapa mafumbo mepesi, kisha wakawasifu. Wengine waliambiwa mna akili sana, wengine mmefanya bidii. Halafu wakawapa mafumbo magumu ambayo wote walishindwa. Baadaye waliporudishiwa mepesi, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, waliosifiwa bidii wakafanya vizuri zaidi. Na walipoambiwa waandike alama zao kwa ajili ya mtoto wa shule nyingine wasiyemjua, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la akili walidanganya, wakajiongezea. Watoto wa miaka 10, waliosifiwa mara moja tu! Nikakumbuka "zote mama, si unaona nyota".

Hebu turudi kwetu. Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Baraza la Mitihani la Tanzania lilisema halitataja tena shule 10 bora wala wanafunzi 10 bora. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanafunzi wanasoma katika mazingira tofauti, kuwashindanisha hakuna tija, na orodha zile zilikuwa tangazo la biashara kwa baadhi ya shule. Watu wakalalamika, wakasema tunalea watoto mayai. Mimi hapo niko upande wa Baraza. Kila mtoto bado anapata matokeo yake, A ni A na F ni F. Kilichoondolewa ni jukwaa. Yale makofi niliyopigiwa darasa la tano hayakunifundisha hesabu, na kama mwalimu angenikalisha pembeni akaniambia "huelewi sehemu, tuanze hapa", ningeumia nikiwa peke yangu, halafu ningejua pa kuanzia.

Lakini daftari lisilo na alama ya kosa ni jambo jingine kabisa. Pale mtoto ameondolewa habari yenyewe.

Mwaka jana aliletwa kijana wa miaka 9, kaumia mkono kwa kuanguka ngazi. Nikiwa namfunga bandeji nikagundua ananyoosha shingo na kukunja macho kuniangalia. Tukampima, haoni mbali. Mama yake akashtuka, akatoa simu kunionyesha ripoti za shule za miaka miwili: "anaendelea vizuri", "ana tabasamu zuri", "tunamtia moyo". Hakuna aliyeandika kwamba hawezi kunakili ubaoni. Simlaumu mwalimu kwa roho mbaya, alikuwa na roho nzuri mno. Ila yule mtoto alikaa miaka miwili mbele ya ubao asiouona.

Na sisi manesi tusijifanye malaika. Nilipoanza kazi wodi ya watoto nilikuwa nasema "haiumi hata kidogo", huku sindano iko mkononi. Siku ya pili mtoto akiniona mlangoni tu anapiga kelele, kwa nini asipige, mimi si mwongo? Siku hizi nasema: "Itauma. Tuhesabu pamoja mpaka tano, tukifika tano nimemaliza." Wanalia, ndiyo. Kesho yake wananipa mkono wenyewe.

Jumamosi nilikaa na binti yangu tukarudia zile hesabu 7. Ya tatu akalia, akasema hataki shule. Baba yake akataka kuingilia, nikamwashiria atulie. Ya nne akagundua mwenyewe kwamba akikopa kumi anasahau kupunguza kwa jirani. Akapata 5. Mbili zilizobaki alizikodolea macho, halafu akaniuliza kama nina peni nyekundu, azitie kosa mwenyewe.

Maoni yenu nitayajibu kesho asubuhi nikitoka zamu.