Mwanga wa Katanga kwenye Uso wa Saa

Mwanga wa kijani unaoonekana gizani kwenye namba na mishale ya saa ya mkononi umetengenezwa kwa njia kuu tatu katika muda wa miaka mia moja na ushee: kwa radiamu, kwa tritiamu, na sasa kwa unga unaohifadhi mwanga wa mchana na kuutoa usiku. Njia ya kwanza na ya tatu zinaugusa ukanda ambao Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, ni lango lake. Sehemu kubwa ya radiamu ya miaka ya 1920 ilichimbwa Katanga, kusini mwa Kongo, huko yanakoelekea malori yanayovukia Nakonde, upande wa Zambia. Nao mlima Ngualla, katika Wilaya ya Songwe, una madini ya jamii ileile inayotumika katika saa za leo.

Radiamu iligunduliwa Paris mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie, kutokana na mawe ya urani ya Joachimsthal, Bohemia. Baada ya miaka michache Mmarekani William Hammer aliichanganya na zinki salfaidi. Mionzi ya radiamu huipiga zinki salfaidi hiyo bila kukoma, nayo hung'aa. Rangi hiyo haihitaji jua wala taa. Mwaka 1916 kampuni ya Panerai ya Firenze, iliyokuwa ikilitengenezea jeshi la majini la Italia vifaa vya kulengea shabaha, iliandikisha hataza ya rangi ya namna hiyo kwa jina la Radiomir.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisambaza rangi hiyo. Kabla ya hapo saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwanamume wa heshima alitia yake mfukoni, ikining'inia kwenye mnyororo. Askari aliyelala kwenye handaki hakuwa na nafasi ya kupekua mifuko, wala ya kuwasha kiberiti. Vita hivyo vilipiganwa pia kwenye mpaka huuhuu wa Tunduma na Nakonde. Mei 1916 vikosi vya Jenerali Edward Northey viliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kutokea Karonga, Fort Hill, Abercorn na Fife, na Fife ilikuwa kituo cha Waingereza karibu na Nakonde ya leo. Vikosi vinavyoondoka sehemu nne zilizo mbali hivyo haviwezi kwenda pamoja bila makamanda kupatana saa.

Hadi wakati huo radiamu ilikuwa ghali kupita kiasi. Ili kupata gramu 1, yahitajika jiwe lenye takribani tani 3 za urani, na mawe ya Colorado yaliyotegemewa na Wamarekani yalikuwa na urani kidogo sana. Mambo yakageuka Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafutaji madini wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga, aliona mawe ya rangi kali za manjano na kijani kwenye kilima cha Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na urani kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, jambo lisilokuwa na mfano duniani. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Wafanyakazi waliyachagua mawe kwa mikono, wakayajaza magunia, yakasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda cha kusafishia kilifunguliwa mwaka 1922. Bei ya gramu moja, iliyokuwa imepita dola 100,000, ilishuka hadi kama dola 70,000, na migodi ya Colorado ikafungwa. Kwa takribani miaka kumi, mpaka Kanada ilipoingia sokoni mwaka 1933, dunia ilinunua radiamu kwa bei ya Wabelgiji.

Madhara yake yalijulikana kwanza upande wa pili wa bahari. Katika kiwanda cha United States Radium, mjini Orange, New Jersey, wasichana walipaka namba za saa kwa brashi nyembamba. Nywele za brashi zilipotawanyika walifundishwa kuzichonga kwa midomo: mdomo, rangi, uso wa saa, kisha mdomo tena, siku nzima. Mwilini radiamu hufanana na kalsiamu, hivyo huingia kwenye mifupa na kukaa humo. Meno yaling'oka, taya zikaoza. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne walifungua kesi, iliyomalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka uliofuata. Historia za saa huwataja mabinti hao kwa majina. Wachimbaji wa Shinkolobwe, waliobeba jiwe lenyewe mabegani, kwa kawaida hawamo.

Nusu-uhai ya radiamu, yaani muda ambao nusu yake huisha, ni miaka 1,600, ila zinki salfaidi inayopigwa na mionzi yake huchoka baada ya miaka michache. Fundi akifungua saa ya babu ya miaka ya 1940 hukuta namba zilizogeuka kahawia, zisizotoa mwanga wowote, na pengine vumbi lililopukutika chini ya kioo. Hilo vumbi ndilo la kuogopwa: giza lake halina maana kwamba mionzi imekwisha, na kulikwangua bila kinga ni kulivuta pumzi.

Miaka ya 1960 watengenezaji wa Uswisi walihamia tritiamu, yenye mionzi hafifu isiyopenya hata kioo cha saa. Herufi T iliyoandikwa chini ya namba 6 ndiyo alama yake. Nusu-uhai yake ni miaka 12 na kidogo, hivyo saa ya mwaka 1975 haing'ai tena. Wakusanyaji wa Rolex za kale, kwa mantiki yao wenyewe, hulipa zaidi kwa rangi ya maziwa iliyoungua ya tritiamu iliyokufa.

Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilitoa LumiNova, isiyo na mionzi kabisa. Ni strontiamu aluminati iliyotiwa europiamu na disprosiamu kidogo: europiamu hupokea mwanga na kuutoa, disprosiamu huuchelewesha usitoke wote mara moja, na saa iliyokaa juani husomeka hadi alfajiri. Aina yake ya Uswisi, Super-LumiNova, imo katika saa nyingi za bei mbaya.

Europiamu na disprosiamu ni madini adimu, na hapo ndipo Ngualla inapoingia. Aprili 2023 serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa mradi wa kuyachimba Ngualla na kampuni ya Peak ya Australia, ikapata hisa asilimia 16 katika Mamba Minerals, kampuni ya ubia ya mradi huo. Kinachotafutwa hasa ni neodimiamu na praseodimiamu, za sumaku za mota za magari ya umeme. Europiamu imo kwa kiasi kidogo, na disprosiamu ni haba zaidi. Tofauti na Shinkolobwe, ambako radiamu iliyomo kwenye mawe ya urani ndiyo iliyokuwa mali, mwamba wa Ngualla hunadiwa kwa wanunuzi kwa sababu urani na thoriamu yake ni kidogo mno.